Kifuniko cha Chungu Kwenye Maonyesho ya Magari

Jumapili, tarehe 20 Julai. Manyunyu tangu alfajiri. Mlima Kenya haujajitokeza wiki nzima, na baridi imekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

Hapa mtaani Skuta, jirani yetu ana gari la zamani ambalo huliwasha Jumapili tu, kama mtu anayetoa suti yake sandukuni. Leo asubuhi aliliwasha, na moshi wake ukanifikia jikoni: petroli, ngozi ya viti iliyozeeka, na yale mafuta ya kupaka mbao. Nikasimama tu, chai ikafurika. Harufu hiyo hunirudisha mahali pamoja. Nimeahirisha kuandika habari za mahali hapo miaka mingi, na hata sasa sina hakika kama ni mimi ninayefaa kuziandika. Shule niliachia darasa la saba. Tena dada yangu Muthoni alikuwepo siku hiyo, na anakumbuka mambo mengine tofauti na mimi. Pale tusipokubaliana nitasema.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Tuliishi na nyanya yetu, Cucu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mama alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, akija nyumbani mwisho wa mwezi.

Kila jioni Cucu alipopakua chakula, alibakisha fungu moja ndani ya chungu. Hilo lilikuwa la Ndirangu, kitinda mimba wake, mjomba wetu. Ndirangu alichukuliwa siku za Imaajensi, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikiwasaka watu wa Mau Mau, kabla sijazaliwa, na hakurudi. Cucu alifunika chungu kwa kipande cha ubao chenye rangi ya kijani iliyobambuka na matundu mawili ya bolti, moja kila upande. Asubuhi kile kiporo kilipashwa moto, tukakila sisi. Kwa hiyo mimi nilimwona mjomba huyo kuwa mtu mkarimu sana: hajawahi kuja kwetu hata siku moja, na kila siku anatuachia chakula.

Tukiomba tuongezwe usiku, Cucu alikataa. "Chungu kilichokwanguliwa ni mlango uliofungwa," alisema, na hapo maneno yaliisha.

Sasa, kulikuwa na chama cha wenye magari ya kale, ambao walikutana mara moja kwa mwaka. Miaka ya nyuma walikutana nyuma ya ua mrefu wa miti, wao kwa wao, na sisi tulichoona ni vumbi lao tu. Mwaka huo walikata shauri kufungua mkutano wao kwa raia wote, kwenye uwanja ulio chini ya mji. Katekista alitangaza kanisani: mtu yeyote aje, mkubwa kwa mdogo, magari yote ya zamani ya mashambani yatakuwapo, na watoto watazungushwa uwanjani ndani ya gari bila malipo. Niliposikia hilo la mwisho nikashika mkono wa Muthoni mpaka akanifinya nimwachie.

Hatukutegemea kupelekwa. Cucu hakuwa mtu wa kwenda mjini kutazama vitu. Lakini tulipotoka kanisani alisema, "Jumamosi tutaenda." Alisema upesi hivyo, hata hatujaomba. Nikaamini ni kwa sababu ananipenda. Sisemi hakunipenda.

Siku hiyo alivaa leso yake ya Pasaka, na kabla ya kutoka akachukua kile kifuniko cha chungu akakitia ndani ya kiondo.

"Cucu, huo ubao ni wa nini?" Muthoni akauliza.

"Ni ubao."

"Tutaukalia? Nyasi zitakuwa zimelowa."

"Hakuna mtu ataukalia."

Tuliona haya njiani, nisiseme uongo. Nani huenda kwenye maonyesho na kifuniko cha chungu?

Uwanja ulikuwa umejaa watu na ile harufu. Magari yalipangwa mistari, meusi na ya samawati na ya rangi ya maziwa, yakiwa yamepakwa mafuta mpaka unaona pengo lako la meno mlangoni. Kijana mmoja alisema kwa kipaza sauti, "Wananchi, karibuni! Guseni na macho, musiguse na mkono!" Ni haki niseme kwamba tulipokewa vizuri. Wenye magari walikuwa Wazungu waliokuwa bado na mashamba, Muhindi mmoja wa duka la vitambaa, na watu wetu wachache walionunua magari ya wale waliorudi kwao. Mama mmoja wa Kizungu aligawa keki kwa mkono wake mwenyewe, na aliponifikia mara ya pili alijifanya hanijui, akanipa tena.

Watu wote waliyatazama magari kwa mbele, penye taa na pua zinazong'aa. Cucu aliyatazama kwa nyuma. Alipita mstari baada ya mstari, akiinama kila gari mgongoni, kiondo kikining'inia kwenye kamba ya kichwani. Kijana mmoja mwenye suruali ya pasi akamchokoza, "Cucu, gari huangaliwa mbele, si matako!"

"Mimi niliziona zikienda," Cucu akamjibu, akaendelea.

Mimi nilikuwa nimeshamwacha. Nilijiunga na laini ya watoto, iliyopinda kama nyoka mpaka penye gari la kutuzungusha. Lilikuwa boksibodi: mbele ni gari kama mengine, nyuma ni sanduku la mbao. Wazungu wa mashambani waliyapenda kwa sababu yalibeba kila kitu, maziwa, mbwa na wafanyakazi. Hili lilipakwa rangi ya kijani. Mwenyewe alikuwa Gathogo, mtu mnene wa Naro Moru, mwenye kofia na koti refu, na kila alipomwinua mtoto ndani alisema, "Ingia, mheshimiwa!" Tulimpenda papo hapo.

Zamu yangu ilifika. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kidato, nimeshasikia joto la mbao, ndipo mkono ukanishika bega ukanirudisha chini. Alikuwa Cucu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango wa nyuma. Mbao zake zote zilikuwa pana na nzee, isipokuwa moja ya chini kushoto, iliyokuwa ya mti mwingine, nyembamba zaidi, ingawa nayo ilipakwa kijani. Cucu akatoa kifuniko chetu cha chungu, akakiweka juu ya ubao ule.

Hapa ndipo mimi na Muthoni hatukubaliani. Mimi nakumbuka vichwa vya bolti vikichungulia katika yale matundu mawili kama macho. Muthoni anasema havikulingana sawasawa, na kwamba mbao za boksibodi zote zilikatwa kipimo kimoja. Huenda ni kweli. Naacha yote mawili hapa.

Yule wa suruali ya pasi akapiga kelele, "Jameni! Cucu amekuja na spea yake!" Laini nzima ikacheka. Gathogo naye akaja akicheka, akisema, "Maitu, unaniuzia ubao?" Maitu ni mama, ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamke wa umri wake. Kisha akauona ule ubao vizuri, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Waliongea Kikuyu, kwa sauti ya chini. Naandika kama nilivyosikia.

"Wewe ni wa mbari gani?" Cucu akaanza, kama mtu anavyotakiwa kuanza. Gathogo akataja ukoo wake na jina la baba yake.

"Hii gari uliinunua, ama ulikuwa nayo?"

"Niliinunua kwa Mzungu wangu akirudi kwao. Lakini hata mbele ya hapo, dereva nilikuwa mimi."

"Asubuhi moja ya ukungu, ilitoa kijana kwa boma yangu. Mimi nilishika huku nyuma ikiondoka. Huu ndio ulinibaki mkononi."

"Sikukuona, maitu. Niliambiwa niangalie mbele, nikaangalia mbele."

"Hiyo sikuulizi. Ulimshusha wapi?"

Kipaza sauti kikaita, "Gari ya watoto! Gari ya watoto iko wapi? Hapa watoto watalia!"

Gathogo akangoja kinyamaze. "Juu ya daraja, kabla ya kufika Naro Moru. Penye miti ya mibuluu."

"Aliposhuka, alitembea ama alibebwa?"

Mtu yule akavua kofia. Akaikunja mara mbili, akaikunjua tena, kana kwamba jibu lilishonewa ndani.

"Alibebwa, maitu."

Cucu akatikisa kichwa polepole, kama mwanamke anayesawazisha kamba ya mzigo kwenye paji la uso kabla ya kuinuka. Hakulia. Nimewahi kuambiwa na watu kwamba alipiga mayowe, kwamba alimtemea mtu yule mate. Nilikuwa nimesimama katikati yao wawili, na hakufanya hivyo.

"Umesema," akamwambia. "Wengine niliwauliza, wakasema hawajui."

"Nifanye nini na hii gari, maitu?"

"Watoto wanangoja. Imezoea kubeba watoto wa wenyewe."

Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa neno la kumsamehe au la kumchoma. Nimeligeuza pande zote. Alimwachia ubao mikononi, akanishika mkono, tukaondoka.

Nililia njia nzima. Nililia kwa sababu ya gari, kwa sababu mguu wangu mmoja ulikuwa umeshapanda. Muthoni alininong'onezea ninyamaze, lakini Cucu akamwambia, "Mwache. Alie na yeye." Nilidhani amenihurumia kwa kukosa zamu yangu.

Baadaye, nilipokuwa na watoto wangu, ndipo mambo yalinijia moja moja, nikiwa nafua au napalilia. Nilielewa kwamba hakutupeleka kutazama magari. Alikuwa ameyatafuta miaka yote kwenye barabara ambako hupita upesi na kwenye mashamba ambako hakuruhusiwa kuingia, na mara ile ya kwanza raia walipofunguliwa mlango, aliingia na ubao wake. Nilielewa pia kwa nini alinishusha: gari lililombeba mtu wetu akiwa amekufa, mtoto wa nyumba hiyo haingii.

Gathogo ndiye anayenisumbua. Alikuwa dereva wa mtu, siku ambazo dereva aliyekataa alipandishwa nyuma yeye mwenyewe. Angeweza kusema, "Alitembea." Neno moja tu, na lingekuwa la huruma, na Cucu angerudi nyumbani kubakisha fungu mpaka kifo chake. Siku nyingine naona alitutendea wema kusema kweli. Siku nyingine, hasa siku za ukungu kama leo, naona alitua mzigo wake juu ya kichwa cha mama mzee akaenda kuzungusha watoto. Halafu nakumbuka ile kofia, na sioni kama alitua kitu chochote. Sijui. Cucu alikwenda mwenyewe kwenye ile mibuluu baadaye, kwa miguu, bila sisi, na alichokiona huko hakutuambia.

Tulipofika nyumbani siku ile jua lilikuwa limeshaanguka nyuma ya mashamba. Muthoni aliwasha moto. Mimi nilikuwa nimesahau kulia, nikawa nahangaika na jambo jingine.

"Cucu, sasa chungu tutafunika na nini?"

"Hakuna cha kufunika," akasema.

Jioni hiyo tulikula mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge. Cucu alitupakulia, kisha akachukua mwiko akakwangua chungu mpaka chini, pande zote, taratibu, mpaka sauti ikawa ya udongo mtupu, akatugawia kile kilichotoka. Nilikula nikashiba kuliko siku zote, nikamshukuru.