Kura ya Mfereji

Kutoka Kasongo hadi Kolwezi nilipanda malori, kisha treni iliyokwama Kamina hata abiria wakaanza kupika kando ya reli. Siku ya kwanza kazini, katika huduma ya usafi ya komini, yaani serikali ya mtaa, mkuu wa huduma alinikabidhi sepeto pamoja na somo la historia.

"Milwaukee, kule Amerika, batumikaji balichagua meya wa chama cha kisoshalisti," alisema. "Benzao ba chama bakabacheka: munajisifia mifereji ya buchafu tu! Bakajibu: ndiyo, mifereji. Na bustani ya batu bote, na afya ya batoto. Batu bakabachagua tena."

Ninyi mnaoanza kazi za komini leo mnajua kwamba burugmesta, yaani meya wa komini, kwetu Kongo huteuliwa kutoka juu. Mkuu alitaka walau mfereji mpya wa maji ya mvua upigiwe kura.

Ungepita mtaa wa Kasulo, ambako wakazi walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na mashimo yao yaliyo njiani yangelazimika kufukiwa. Katika mkutano wa mchana Mama Faida, ambaye nyumba yake ilijaa maji kila mvua, alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mfereji ukashinda.

Jioni wachimbaji walipanda juu kutoka mashimoni, wakatukuta tunapima njia ya mfereji kwa kamba.

"Kura gani, tata chef? Siye tulikuwa chini!" mmoja wao akamwambia mkuu.

"Angetuletea sanduku mu shimo," mwenzake akacheka, "na tochi!"

Burugmesta aliposikia malalamiko hayo alisema, "Kura imepita. Chimba."

Mkuu akakataa. "Bale ba Milwaukee bangeuliza batu bote," alisema, akaitisha mkutano mwingine, saa ambayo mashimo yalikuwa matupu. Wachimbaji wakaja wengi, mfereji ukashindwa.

Burugmesta akamwachisha kazi, na nafasi yangu ikafutwa pamoja na ya kwake. Nilifunga begi asubuhi iliyofuata mvua kubwa. Mimi na mkuu tulipopita kumuaga Mama Faida, alikuwa amesimama ndani ya nyumba, maji yakimfika magotini, anayachota kwa beseni.

"Tata chef, kura ya kwanza ilikuwa na kosa gani? Mi nilishinda."

"Ulishinda batu benye habakukuwa pale, mama."

"Na hii maji," akasema, "iliniuliza mi?"

Mkuu alivua viatu, akachukua beseni la pili. Niliwaacha wakimwaga maji mlangoni, nikaenda stesheni kupanda treni ya Mutshatsha. Sijarudi.