Farasi Aliyemkataa Mama Hatamu

Ukungu bado umelala juu ya mabanda, na Mama Hatamu anabembeleza. Mkono mmoja umeshika hatamu, mwingine unampapasa shingoni farasi jike mweusi aitwaye Kidosho. Farasi anainua kichwa, anarudi nyuma, anagonga ukuta. Mama Hatamu anajaribu tena. Wapi!

"Alikuwa hivi lini huyu?" anafoka. "Ni tangu huyo mtu aje."

Huyo mtu ni mdogo wake wa tumbo moja, anayefagia banda la pili huku akijifanya hasikii. Mama Hatamu ndiye aliyemwombea kazi hapa. Kikulacho ki nguoni mwako, na wivu wa dada huyu haujui hata kujificha.

Kwa miaka kumi na miwili amehudumia farasi, na jina la utani hakulipata bure. Ukimuuliza hatamu inavyokaa, anasahau hasira.

"Lijamu, hiki chuma cha mdomoni, kikikaa sawa pembe ya mdomo inafanya kikunjo kimoja au viwili. Vikizidi, anacheka bila kupenda. Mkanda wa pua, vidole viwili vipite. Wa koo, ngumi nzima, maana naye anameza mate kama wewe."

Mama Hatamu ndiye aliyemlea Kidosho tangu farasi huyo akiwa mchanga. "Alikuwa akisikia kikohozi changu tu, analia. Sasa anamlilia mdogo wangu. Nikiwaona pamoja, chai hainishuki. Naumia, nisikudanganye."

Leo maji yamefika shingoni. Mwenye farasi amechoshwa na vurugu za kila asubuhi. Atakayemvalisha Kidosho kwa utulivu ndiye atakayemtunza, na mzee mwenyewe amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Mama Hatamu anajaribu mara ya tatu. Farasi anamnyima kichwa.

Mdogo mtu anaweka ufagio chini. "Dada, hakukatai wewe. Ni huo mkanda wa paji. Umembana, unamvutia ile mikanda mingine ya hatamu masikioni."

"Mkanda huu nimemshonea kwa mikono yangu!"

"Ulimshonea akiwa na miaka miwili. Sasa ana mitano. Kichwa kimekua, dada. Mimi huuvua, nikimaliza naurudisha usije ukaniona."

"Na hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Mama Hatamu anamsogelea Kidosho. Anaupima mkanda kwenye paji la farasi, anajaribu kupitisha kidole. Hakipiti. Anapapasa nyuma ya sikio, anakuta manyoya yamelika na ngozi ina joto. Anauchomoa mkanda polepole, anautia mfukoni. Kidosho anashusha kichwa na kufungua mdomo mwenyewe.

Mzee ameona yote. Anamkabidhi Kidosho kwa mdogo mtu, kwani ndiye aliyekuwa akimvalisha kwa utulivu siku zote.

"Ni haki yake," anasema Mama Hatamu, akimtazama mdogo wake akiondoka na farasi. "Lakini haki nayo inauma, bwana. Inauma kama jino."

Hata hivyo hajakunja jamvi. Kidosho ana mimba, na kabla mzee hajapanda gari, Mama Hatamu alishamfuata kuomba mtoto atakayezaliwa. Amekubaliwa.

"Huyo ni wangu. Mdogo wangu asimguse hata mkia."

Kisha, kwa sauti ya chini: "Nitampima kichwa kila mwezi. Hata kama mkanda niliushona jana."