Jembe la Mama na Mawe ya Goma

Bibi yetu alipofariki Butembo, watoto wake wote walikuwapo mazikoni isipokuwa mmoja, mama yangu mdogo anayeishi Goma. Barabara ya moja kwa moja ilikuwa haipitiki siku zile. Katika ukoo wetu matanga hayaishi kwa machozi. Yanaisha kwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, itengenezwe na mikono ya watoto au wajukuu wa marehemu, kisha inywewe kwa mirija kutoka kibuyu kimoja mbele ya watu wa nyumbani. Sisi tulikunywa. Mama mdogo hakunywa, na tangu hapo alikuwa havai kitenge cha rangi wala hachezi kwenye harusi ya mtu.

Kiangazi, shule zikifungwa, Goma hujaa mikusanyiko ya ngoma, maonyesho na mapishi, kila jamii na kibanda chake. Watu wa kwetu waliotawanyika mjini mwaka mzima hukutana hapo. Ndiyo maana mama mdogo alimpigia simu mama yangu: "Dada, nitumie mutu mwenye kujua kasiksi ya mama. Nataka kumaliza matanga pale, mbele ya batu betu. Kama si mwaka huu, sijui tena."

Magoti ya mama hayapandi gari siku hizi, kwa hiyo nikatumwa mimi. Kazi yangu ni kushona nguo, lakini kwa kasiksi sijioni mdogo kwa mtu yeyote, na ninasema hivyo bila haya kwa sababu mtaona yaliyonipata. Mama alinipa mfuko wa mtama aliokaanga kwa mkono wake, wa kuchachushia pombe, halafu akanipa jembe lake. "Shimo la kuivishia ndizi lichimbwe kwa hili," alisema. "Ndilo alilotumia mama."

Butembo hadi Kasindi, mpakani mwa Uganda, nilisafiri na jembe limefungwa kitenge kama mtoto. Kwa kuwa njia ya kusini haikuwa ya kuaminika, tulizunguka kwa majirani: unatoka Kongo, unaikata Uganda, unaingia Kongo tena. Upande wa pili wa daraja la mpaka askari mmoja alifungua kitenge changu, akacheka.

"Mama, unakuja kutulimia?"

"Mukinilipa vizuri," nikamjibu. Akanigongea muhuri.

Huko Uganda sina sifa ya kuwapa zaidi ya barabara laini, maana nililala njia nzima na shingo ikaniuma siku mbili. Kisoro, karibu na mpaka wa kurudi Kongo, ndipo nilipoamka sawasawa, baridi ikiniingia hadi kwenye meno.

Bunagana tulirudi nchini. Afisa wa forodha alilishika jembe, akaligeuzageuza.

"Hii ni mupya ao ni ya zamani?"

"Ni ya mama, na kabla yake ilikuwa ya bibi."

"Basi ni ya zamani sana. Pita, mama."

Rutshuru, gari liliposimama kupumzika, nikanunua mikungu ya ndizi za pombe, mibichi, yenye utomvu, ikapandishwa juu ya gari. Udongo wa pale ni mweusi na laini, jembe lingezama lenyewe. Niliutazama kwa raha tu, kama mtu atazamaye shamba la mwenzake, wala halikunijia wazo lolote. Laiti lingenijia.

Goma tuliingia mchana wenye vumbi, na pikipiki mbili zikatupeleka mtaa wa Majengo, mimi kwenye moja na ndizi kwenye nyingine. Mama mdogo, ambaye mtaa mzima humwita Mama Paluku kwa jina la mwanawe wa kwanza, alinipokea kwa kilio na kicheko pamoja. Amekonda. Alilipokea jembe kwa mikono miwili, akalinusa.

Kabla hata ya chai niliomba choo. Kiko nyuma ya nyumba, na kina ngazi: unapanda kwanza ndipo unaingia. Nilipanda, nikashuka, nikanawa, nikasifu jinsi kilivyojengwa. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini watu wajenge choo cha kupandia. Kila mtoto wa Kivu anajua kwamba Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na mimi nilijua tangu shule ya msingi. Kumbe kujua kwa kichwa si kujua kwa mikono.

Asubuhi yake nilijifunga kitenge kiunoni, nikachagua kona ya ua, nikainua jembe la bibi yangu, nikalishusha kwa nguvu zote. Lililia ngaa! Mkono ukafa ganzi hadi begani. Nikasogea hatua chache, nikapiga tena. Ngaa! Chini ya vumbi la vidole viwili kulikuwa na jiwe, jiwe, jiwe.

"Mama mudogo," nikasema, "udongo uko wapi?"

Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Ulisema kwa simu unaleta kila kitu. Nikafikiri ndizi zitakuja zimeisha kuiva."

"Na mimi nikafikiri una shimo."

"Shimo, Goma? Kahindo, hapa hata choo tunapandia juu!"

Tulitazamana. Ningecheka kama nisingeona macho yake. Ndizi mbichi hazitoi maji, na bila maji ya ndizi hakuna kasiksi. Ilibaki wiki moja tu kabla ya mkusanyiko. Nikashauri tununue iliyo tayari sokoni, akakataa kwa kichwa. "Ile haina mwenyewe. Nitamuaga mama na pombe ya batu sijui?" Akaketi kizingitini na jembe mapajani.

Hapo kichwa kikatokeza juu ya ukuta wa mawe. Kilikuwa cha Mama Furaha, jirani, mwenyeji wa Rutshuru, msemaji wa Kinyarwanda mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni.

"Mama Paluku! Tangu asubuhi munapiga mawe. Munatafuta zahabu?"

"Hapana kitu, jirani," mama mdogo akajibu haraka. Baadaye nilielewa. Kibanda cha akina Mama Furaha kilikuwa kando ya chetu kwenye mkusanyiko, na mwaka uliopita kilisifiwa kwa pombe yake ilhali cha kwetu kilikuwa na soda. Mama mdogo aliona aibu kumfungulia huyo jungu lake tupu.

Lakini wahenga walishasema mficha uchi hazai, na mimi sikuwa nimevuka mipaka miwili na jembe ili nije kuficha. Nikasema yote pale pale: shimo, ndizi, bibi, matanga. Mama mdogo alinikata jicho. Mama Furaha alisikiliza yote, akapotea nyuma ya ukuta. Nikadhani ameondoka na habari ya kuchekea. Kumbe alikuwa anazunguka kwa mlango.

"Mimi nilifika huku na mukosi ileile," alisema. "Kwetu pia tuliivishaka mu shimo. Nikaharibisha mikungu nne mbele ya kupata akili. Kuja muone."

Jikoni kwake, juu ya mafiga, palikuwa na uchanja wa miti uliofungwa kwa kamba, mweusi kwa masizi. Ndizi hulazwa pale, zikafunikwa majani, na chini moto mdogo hauzimwi usiku na mchana. Moshi na joto ndivyo vinavyoziivisha. Nilisimama nikiangalia juu, mimi niliyekuja kufundisha watu kutazama chini.

"Lakini uchanja ni yako," mama mdogo akasema polepole. "Wewe pia uko na kibanda ya kutayarisha."

"Yangu ilisha kuiva. Lete zenu. Mimi sitazigusa, kwa sababu ni kazi ya damu. Nitachunga moto tu. Moto haina ukoo."

Siku zile za kungoja tulikuwa na kazi moja, kuvuka ua kwenda kuzigeuza ndizi. Wale wawili, waliokuwa wanasalimiana juu ya ukuta tu, wakaanza kukaa pamoja wakimenya viazi na kuwasema waume zao. Zilipoiva tulizimenya, tukazikanda kwa majani makavu mpaka maji yakatoka, tukachuja, na mama mdogo mwenyewe akamimina mtama wa dada yake. Aliuonja kwanza mtama ule mkavu, akafumba macho.

Siku ya mkusanyiko, njia ya Ndosho, uliko uwanja, ilikuwa imefurika watu. Nilipanda pikipiki na dumu la kasiksi mapajani, likinguruma kwa uchachu.

"Mama," dereva akasema, "iyi bidon inaongea."

"Endesha," nikamwambia. "Inasalimia watu."

Uwanjani vumbi jeusi lilikuwa limepanda hadi magotini mwa wachezaji. Wahunde walikuwa wanacheza, jibini la Masisi linakatwa vipande, na vijana wametundika picha walizochora kwenye ukuta wa turubai. Nilisimama mbele ya vibuyu vya maziwa vilivyosukiwa vifuniko vyenye ncha, nikasahau nilikokuwa naenda. Watu waliovaa vizuri, wenye shida zao nyumbani, wamekuja kuonyeshana walicho nacho. Ilinifurahisha mno, nasema kweli.

Kwenye kibanda chetu watu wa kwetu walisimama duara. Kibuyu kikawekwa katikati, kando yake jembe la bibi, mrija ukatumbukizwa. Mama mdogo, katika kitenge chake cheusi, akataja jina la bibi, akainama, akavuta.

Akavuta tena.

"Inanuka moshi," alisema.

Niliona Mama Furaha, aliyesimama mpakani mwa vibanda viwili, akiangalia miguu yake. Kasiksi ya bibi haikuwahi kunuka moshi. Ilinuka udongo.

"Inanuka moshi ya Majengo," mama mdogo akaendelea, na machozi yakaanza. "Miaka yote mama aliniambia nitakuja kukuona kwako Goma, nitakuja. Hakukuja. Leo amefika. Amepitia jikoni kwa jirani, lakini amefika."

Akalia mbele ya watu wote, kilio kile alichokiweka tangu mazishi. Kisha akamshika Mama Furaha mkono, akampa mrija. Mtu akaokota jembe, akaligonga kwa jiwe, ngaa, ngaa, likawa kengele ya ngoma, na mama mdogo akacheza.

Kurudi kulikuwa kwa njia ileile kinyume, bila jembe. Mama mdogo aliniomba nimwachie, na afisa wa Bunagana aliniuliza liko wapi kana kwamba ni ndugu yake. Huku kwetu husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Goma mimi ndiye niliyeponywa, kiburi changu kikiwa ndio ugonjwa.

Butembo, mama alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Alilia?"

"Alilia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Akacheza."

"Na ilinuka moshi?"

"Sana, mama."

Asubuhi nilimkuta jikoni, magoti yake mabovu juu ya kigoda, ananyoosha mikono kufunga miti juu ya mafiga. Udongo wa ua wetu unaweza kumeza jembe pamoja na mpini wake.

"Usisimame tu," aliniambia. "Nishikie kamba. Nataka kuonja alichokunywa mdogo wangu."