Daktari Anayejifunza Kubisha Hodi

Saa mbili asubuhi, mgonjwa wa kwanza anaingia na daktari anaikalia kalamu yake. Anaikalia kweli. Kaiweka kitini, kakaa juu yake, mikono magotini.

"Haya mama, nieleze," anasema, halafu anasubiri.

Mgonjwa, muuza mboga mwenye kiungulia, anatazama huku na huku. "Dokta, leo huandiki? Au dawa zimeisha?"

"Dawa zipo. Maliza kwanza."

Huyu ni daktari mwenye miaka kumi na moja kazini, mama wa pacha, na bado ni mwanafunzi. Anasomea shahada ya uzamili ya udaktari wa familia huku akiendelea na kazi hapa kituo cha afya. Mshahara umepungua karibu nusu. Pacha wanalelewa na bibi yao.

Mwaka jana alianguka mtihani wa vitendo kwa kosa moja: alimwandikia mgonjwa dawa kabla hajamaliza kueleza kilichomleta. Jumatatu anarudia. Akianguka tena, chuo kinamtoa.

Mama yake hamwelewi. "Mwanangu, udaktari si unao? Huo mwingine wa nini?"

"Huu nilionao, mama, nusura uniulie mtu."

Na hapa, akina mama, tusikilize vizuri.

Fundi cherehani mmoja alikuwa akitibiwa presha, na presha haishuki. Daktari akaongeza dawa mara tatu, akamgombeza kuhusu chumvi mpaka akachoka. Mwalimu wake wa chuo akamwambia, "Acha kuongeza. Nenda nyumbani kwake." Ndivyo masomo haya yalivyo, mgonjwa asiyepata nafuu hufuatwa anakoishi.

"Nilichukia," anasema, huku akicheka. "Daktari mzima nikabishe hodi kwa mgonjwa kama mposaji!"

Alikwenda. Akamkuta mke wa fundi amelazwa mkekani, jasho linamtiririka. Alikuwa ameanguka jikoni muda mfupi tu uliopita.

"Umemeza nini leo, dada?"

"Dawa ya presha, dokta. Leo zamu yangu."

"Zamu?"

Fundi akajibu bila wasiwasi wowote. "Kichwa kinamuuma kama changu. Leo anameza yeye, kesho mimi. Dokta, tunakula sahani moja, dawa ndiyo tunyimane?"

Akampima. Yule mama hakuwa na presha ya kupanda hata chembe, tena ilikuwa imeshuka hadi inatisha. Kila dawa aliyoongezewa mume ilikuwa inamwangusha mke. Kichwa kilimuuma kwa sababu ya macho, maana kutwa nzima alikuwa akishona vifungo kwenye chumba chenye giza. Alihitaji miwani tu.

Akakimbizwa hospitali, na Mungu akasaidia, akapona.

"Nilikuwa namtibu mtu nisiyewahi kumwona," anasema daktari, na safari hii hacheki.

Basi tuonyane mapema. Kidonge cha mume kibaki cha mume. Kichwa kikikuuma, nenda ukapimwe wewe mwenyewe. Na daktari akiwa na haraka zake, mng'ang'anie hapo hapo, umwambie yote, hata yale ya kuona haya. Wangapi tumewahi kumpa mtoto dawa iliyobaki ya kaka yake, tukajiona tumeokoa pesa?

Siku hizi kila jioni mama yake hujifanya mgonjwa ili amfanyie mazoezi. Huanza na tumbo, akahamia goti, akaingia kwa majirani. Daktari anavumilia mpaka mwisho. Jana, baada ya majirani, mama akasema kwa sauti ndogo, "Na usingizi sipati. Nakuwazia wewe."

Daktari akamshika mkono. "Nikifaulu, mama, naweka benchi refu chumbani kwangu. Mgonjwa aje na mkewe, na mama mkwe, na anayempikia. Wakae wote, waseme wote."

"Na chuo kikikuangusha?"

"Seremala ameshaanza kupiga randa mbao."