Kiu ya Babu

Nilipokuwa mtoto kule Nkololo, usiku wa manane nilikuwa nasikia kata ikigonga mdomo wa mtungi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, nikajua ni mdogo wangu Maduhu ameamka tena kunywa maji. Alikuwa na miaka sita. Alirithi jina la babu aliyekufa wakati wa ukame, akiwatafutia ng'ombe malisho, kwa hiyo bibi alimwita mume wangu.

"Mume wangu, siku hizi unakojoa kama fahali," bibi alimtania alipoanika mkeka uliolowa.

"Basi nitaoa mwingine," alijibu Maduhu, tukacheka wote, na huku amekonda mpaka kaptula haikai kiunoni.

Bibi alisema mwenye kiu ni babu, kwamba mfu humdai aliyebeba jina lake. Akampikia togwa, akatia asali, kibuyu kizima kila siku. "Kunywa, utulie." Maduhu akanywa. Baadaye akaanza kuhema mbiombio, pumzi inanukia kama mapera yaliyoiva, kisha akalala, hakuamka. Watu walisema babu kamchukua.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu Limi alianza kukojoa kitandani na kunywa hata maji ya beseni. Sikungoja kuche vizuri, nilimfunga mgongoni, nikapanda bodaboda mpaka hospitali Bariadi, wakamtoboa kidole.

"Mama Limi, ni kisukari," daktari alisema. "Mwili wake hautengenezi insulini. Atachomwa sindano kila siku."

Nikamweleza habari za Maduhu, haraka haraka, nalia. Akasema togwa haikuleta ugonjwa, bila sindano angekufa hata kwa maji matupu, ila asali ilimharakishia kifo.

Mpaka leo nikimpima Limi namkumbuka Maduhu. Lakini linaloniuma ni jingine, na naliandika kwa sababu bibi na baba wote wametutoka.

Bibi alikuja kututembelea, akanitazama nikimchoma Limi sindano.

"Mume wangu mdogo alikuwa na ugonjwa huu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na togwa yangu?"

Nilikuwa na hasira ya miaka mingi, nikaanza na asali. Ile nusu nyingine, kwamba angekufa tu, niliisema mwishoni, na bibi alikuwa hasikii tena. Ukweli wote nilikuwa nao, nikampa kwanza ule wa kumuua.

Alinisogelea, akashusha sauti.

"Ng'wanawane, mwanangu, baba yako asijue. Maduhu alikuwa mwanawe."

"Simwambii, bibi. Wala mtu mwingine yeyote."