Siku Niliyowapima Wageni kwa Mizani ya Korosho

Kosa langu la kwanza katika fizikia lilikuwa kuona mstari wa kugawanya nikadhani ni mstari wa mapambo.

Nilikuwa na kitabu kisicho na jalada, nilichopewa na binamu yangu aliyemaliza sekondari Dar es Salaam. Mimi sekondari sikuchaguliwa. Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu, pande za Kurui, nikarudi kwenye mihogo na mikorosho ya mama, nikaapa kwamba nitajifundisha mwenyewe. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na kamusi yangu ilianzia herufi D.

Kwenye ukurasa wa mgandamizo palikuwa na herufi ya kani, chini yake mstari, na chini ya mstari herufi ya eneo. Hesabu za sehemu nilizijua tangu darasa la tatu, lakini zilikuwa za machungwa na mikate. Herufi kukaa juu ya herufi sikuwahi kuona. Na mimi nilikuwa mtu wa kupigia mstari kila kichwa cha habari, kwa rula, na mstari ukipinda nachana karatasi yote. Nikaona mwandishi wa kitabu ana tabia kama yangu, nikamheshimu. Ile herufi ya chini nikaichukulia kuwa ni kipengele cha (a), ambacho maelezo yake yalikuwa kwenye kurasa zilizong'oka.

Basi nikaandika ukutani kwa mkaa, juu ya kitanda changu: mgandamizo ni kani. Kizito kinagandamiza sana, chepesi kinagandamiza kidogo. Nilipenda jinsi ilivyokuwa safi. Nililala chini ya maneno hayo miezi mingi bila wasiwasi, na hilo lingetosha kunishtua, kwa sababu mimi hulala na wasiwasi hata kama nimefunga mlango na kuurudia.

Mwaka huo kijiji kiliambiwa kichague kijana mmoja wa kwenda kusoma ufundi katika chuo kimoja Kibaha. Mmoja tu. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Mpinzani wangu alikuwa fundi baiskeli, kijana mchangamfu ambaye hakuwa na kitabu chochote, ila baiskeli zote alizotengeneza zilitembea. Mimi sikuwa nimetengeneza kitu ambacho mtu angeweza kukipanda.

Wakati huohuo tulikuwa tunamalizia ofisi ya kijiji. Saruji ilikuwa adimu, na ile iliyopatikana ilifika mchana wa siku moja kabla ya mgeni wa kutoka wilayani kuja kuifungua ofisi. Mafundi wakaichanganya na mchanga mwingi ili itoshe, wakaimwaga juu ya kifusi jioni hiyo. Usiku mvua ikanyesha, ikapenya upande ambao mabati yalikuwa hayajafika. Asubuhi sakafu ilikuwa kama ugali uliopoa: juu imeshika ngozi, chini hakuna ajuaye.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisimama mlangoni akaitazama muda mrefu. Mtu akashauri shughuli ifanyike uwanjani. Mwenyekiti akasema ofisi haiwezi kufunguliwa na watu walio nje yake, kwani hiyo si ofisi, ni mandhari. Kisha akaagiza niitwe. Habari za kitabu changu zilikuwa zimemfikia.

"Wewe ndiye mwenye sayansi," akaniambia. "Sakafu itabeba?"

Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile, ni neno fupi. Badala yake nikasema inategemea, ndugu mwenyekiti, na nikamweleza habari za mgandamizo. Kwamba tatizo si watu, ni uzito wa watu. Wepesi wakiingia na wazito wakabaki nje, sakafu haitajua kama kuna mtu juu yake. Akanitazama kwa imani iliyonitisha. Akasema shughuli ikipita salama, kesho kwenye mkutano yeye mwenyewe atalitaja jina langu kwa ajili ya Kibaha.

Nilivua ndala, nikaingia peku, nikatembea ukuta hadi ukuta. Sakafu ikanibeba, ikabaki na alama hafifu za vidole. Nikahitimisha kisayansi kwamba uzito wangu ndio kipimo: aliye sawa na mimi au chini yangu, aingie. Wakati ule nilikuwa mwembamba kama ufito. Sikuliona hilo kuwa tatizo.

Nikaenda kwenye ghala la korosho nikachukua ile mizani ya kuning'iniza, nikaifunga kwenye boriti ya baraza, na kwenye ndoano nikatundika gunia lililokunjwa mfano wa bembea. Mtu anakaa ndani ya gunia, miguu inaachia ardhi, nasoma mshale. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Niliweka hata jiwe la kukanyagia wazee wasipate taabu kupanda.

Watu walipoanza kufika waliipenda mizani kuliko ofisi. Kila mtu alikuwa amekwishapeleka korosho zake pale ghalani na kunung'unika, kwa hiyo wote walijua maneno yanayofaa. Mzee mmoja aliposhuka akaulizwa kama ni daraja la kwanza au la pili, na mwenzake akajibu kwa niaba yake kwamba huyo ni daraja la pili, ana unyevu. Fundi baiskeli alipita, akaniambia kwa heshima kubwa kuwa mshale wangu unasugua. Nikamwambia asiguse.

Ndani pakakaa wembamba: wazee wanne, mwalimu wa shule ya msingi, na wanawake wachache ambao ndugu zao waliwaonea wivu. Nje pakabaki kijiji.

Kisha akaja mke wa mwenyekiti. Alikuwa mama mkubwa wa mwili na wa heshima, amevaa khanga mpya. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaingia kwenye gunia mwenyewe bila kushikwa, na boriti ikalia. Mshale ukanipita mimi, ukaendelea na safari yake. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba amezidi.

"Umetoa uzito wa gunia?" akauliza.

Nikatoa. Bado alizidi. Watu wakaziba midomo kwa viganja wasicheke. Akashuka, akajifunga khanga upya, akasema mimi si wa kwanza kumpunja kwenye mizani hiyo, akaondoka kuelekea jikoni. Nilijua nimefanya jambo baya. Lakini nilikuwa nimelifanya kwa usahihi, na kwa tabia yangu ya wakati ule hayo mawili yalikuwa yanakaribiana sana.

Mwenyekiti naye akazidi. Akavua koti, akazidi. Akatoa funguo, saa na tochi, akazidi. Mwisho akasema taratibu kwamba sheria ni sheria, akaenda kusimama nje ya dirisha la ofisi yake, dirisha lisilo na kioo bado, na ndipo alipotolea maneno ya kumkaribisha mgeni, mikono ikiwa imeshika nondo kama mtu aliye mahabusu upande usio wake.

Mgeni mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye viatu vilivyong'aa. Nilimpima. Akakubali kukaa kwenye gunia huku magoti yakimfika kidevuni, akaniuliza kama huu ni utaratibu wa kila kijiji au ni ubunifu wetu. Nikasema ubunifu. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Nilifurahi hata nikataka kumkumbatia.

Kwa kuwa alikuwa mgeni, hakukalishwa mkekani na wengine. Aliletewa kiti, kile kiti cha mninga chenye miguu minne myembamba iliyochongwa kwa ufundi, tulichoazima kwa mwalimu. Akaketi, akaanza kuhutubia akiwa amekaa, kwa sababu bati la upande ule lilishuka mno, mtu mrefu hakuweza kusimama chini yake.

Alizungumzia kujitegemea. Alisema taifa lisimame kwa miguu yake lenyewe. Aliposema hivyo nikaona ameshuka kidogo. Nikadhani ameinama. Alipofika kwenye kilimo, magoti yake yalikuwa juu kuliko mkanda. Alipofika kwenye usafi wa vyoo alikuwa anatuangalia kutoka chini, na wazee wa mkekani, kwa adabu, wakaanza nao kuinamisha vichwa ili wasimzidi mgeni kimo.

Mimi nilikuwa mlangoni nikifanya hesabu. Nawaapia, nilichofikiri ni kwamba amekunywa chai nyingi kabla ya kuja na sasa ndiyo inafika. Kisha nikashuku mizani. Kisha, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilijiuliza kama hotuba inaweza kumwongezea mtu uzito.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, ambao mimi sikuuwekea mlinzi. Mke wa mwenyekiti akaingia, peku, sufuria ya pilau kichwani, imejaa. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amekwisha kupita chumba chote, amefika mbele ya mgeni, ametua sufuria juu ya mkeka, na nyuma yake sakafuni palikuwa na nyayo pana, hafifu, kama za mtu aliyepita kwenye mchanga mkavu. Mwili ule wote na sufuria ile yote. Na pembeni yake mtu mwepesi kuliko mimi alikuwa anazama na kiti.

Mguu mmoja wa kiti ukatoboa ngozi ya sakafu ukaingia kwenye kifusi kwa mkupuo, mgeni akaegemea upande kama mti unaokatwa. Alitolewa na wazee wawili. Alisema ofisi imefunguliwa, na akaomba kula nje. Kiti hakikutoka. Walikivuta hadi wakachoka, na kesho yake saruji ilikuwa imekauka.

Nyumbani nilikaa mbele ya kitabu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu ambacho maneno ya ukutani hayakukiruhusu. Uzito mdogo kwenye vidole vinne vya mti umetoboa, uzito mkubwa kwenye nyayo mbili pana umepita salama. Nikautazama ule mstari baina ya herufi, na polepole, kwa aibu, nikaona kwamba haukuwa pambo. Mama akauliza nimekosea nini hasa, maana kijiji kizima kinasema tofauti tofauti.

"Sikugawanya," nikamwambia.

Akasema hata baba yangu kwenye urithi hilo ndilo lilikuwa kosa lake, akaendelea kuchambua mchele.

Mkutano wa asubuhi ulikuwa na ajenda ya Kibaha, lakini mke wa mwenyekiti alisimama kwanza. Alisema hana shida na kuwa mnene, ana shida na kunyimwa mlango wa ofisi aliyosomba mawe ya msingi wake. Alitaka nimweleze mbele ya watu kama yeye ndiye angeharibu sakafu.

Nilisimama nikasema hapana, na kwamba nilisoma nusu ya kanuni. Watu hawakunielewa. Nikaeleza tena, vibaya zaidi. Niliona Kibaha ikienda zake. Ndipo nikauona mlango wa mbele wa ofisi umeegemezwa ukutani, maana bawaba zake zilikuwa hazijapatikana. Nikaulaza ardhini, nikajilaza chali, nikaomba niwekewe mlango ule juu yangu, kisha nikamwomba mke wa mwenyekiti apande.

Mwenyekiti akauliza kama nina ndugu hapo. Mama yangu akainua mkono.

Mke wa mwenyekiti akapanda. Hewa ilinitoka, lakini haikunitoka yote. Ule mzigo ulitua kifuani, tumboni na mapajani kwa pamoja, ukagawana, na mimi nikabaki mzima chini yake nikiwaza kwa furaha: eneo, eneo, eneo.

"Mimi ni mzito?" akauliza kutoka juu.

"Uzito wako ni uleule, mama," nikasema kwa sauti iliyobanwa. "Eneo ndilo limeongezeka."

"Sijasikia msamaha hapo."

Nikaomba msamaha. Akasema wa nyuma hawajasikia. Nikaomba tena. Akaanza kuzungumza na jirani yake habari za kisima, bila haraka, akihamisha mguu mmoja baada ya mwingine. Nilipoomba mara nyingine sauti ilitoka kama ya kuku, ndipo aliposhuka na kusema amesamehe, na kwamba mtoto huyu apelekwe Kibaha upesi kabla hajasoma nusu nyingine ya kitu.

Kura nilizopata zilikuwa nyingi mno. Sikujivuna, kwa sababu niliwasikia. Mmoja alisema fundi baiskeli anahitajika hapa. Mwingine alisema mimi ndiye ambaye kijiji kinaweza kumkosa. Fundi baiskeli mwenyewe alinipigia kura, akanipakia hadi barabarani kwenye baiskeli isiyolia popote, nikapata lori la mkaa la kwenda Mlandizi, na kutoka hapo basi la Kibaha.

Huu ni mwaka wangu wa pili chuoni. Mlango wa bweni bado naurudia kuufunga, na mstari ukipinda bado nachana karatasi. Kilichobadilika ni kwamba mgandamizo sasa naujua, ni kani kugawanya kwa eneo, na nikiulizwa swali ambalo jibu lake sina, nasema sijui.