Mama Mdogo Alipoigiza Mama wa Kambo

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo najikuna kichwa. Isingekuwa nyie leo, ningeendelea kunyamaza nayo. Nimewasikia wewe na wenzio hapo barazani mkibishana sinema za mwaka huu, ipi kali, ipi takataka. Sikukasirika. Ujana bila ubishi ni chai bila sukari. Ila uliposema juu ya yule mama mwigizaji, "Yule mama ni mbaya hata rohoni, usoni tu unamwona," nikaacha kuchambua mchele. Kaa hapa nikuambie.

Nami nilikuwaga msichana wa sinema. Tulikuwa tunakaa Temeke, nyuma ya soko la Tandika, na mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na pazia zito la kuzuia jua. Mwaka ninaousema, sinema za hapahapa nyumbani zilitoka kwa fujo, na kila iliyotoka nilikuwa na neno juu yake. Wasichana wenzangu walikuwa hawasemi imewapendeza au haikuwapendeza mpaka wanisikie mie kwanza.

Ilitoka moja ya mzimu uliokuwa ukimfuata dereva wa lori. Watu walipiga mayowe, mie nikacheka, maana mzimu wenyewe ulivaa kandambili. Ikatoka nyingine ya mapenzi, kibanda kizima kikalia, hata mwenye kibanda akajifuta machozi kwa ukingo wa shati. Mie sikulia. Nilisema yule kijana alimwacha mchumba wake bila hata kwaheri, sasa anaporudi anaumwa, sie tumlilie nini? Nilijiona najua. Kumbe usilolijua ni kama usiku wa giza.

Hapo nikueleze nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi alifariki ningali mdogo, na baada ya muda baba akamwoa Bi Saida. Nilimwita mama mdogo. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, fundi wa kusuka ukili wa mikeka, na alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha mtaa, kile kilichokuwa kikichekesha watu kwenye sherehe. Siku moja wakaja watengeneza sinema kutafuta waigizaji, wakampenda. Baba akaruhusu. Bibi yangu, mama yake baba, tuliyekuwa tukikaa naye, akasema tu, "Nenda, ila usisahau swala."

Sinema ilipotoka tukajazana kibandani. Mama mdogo mwenyewe hakuja, aliona haya. Nikakaa benchi la mbele, kifua mbele, maana leo namtazama mtu wangu.

Mwanangu, aliigiza mama wa kambo. Na si mama wa kambo wa mchezo mchezo. Kulikuwa na mahali yule binti wa kambo anaomba uji, na mama mdogo anaumwaga uji wote uani, mbele ya macho yake. Kisha akamtazama mtoto, akatabasamu, akafunga mlango taratibu.

Lile tabasamu nalijua. Ndilo lilelile alilokuwa akinipa kila asubuhi akiniletea chai.

Nikatoka pale. Wenzangu wakaniuliza, "Haya mchambuzi, imekuwaje?" Nikawapita nikaelekea nyumbani. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule, na nilitamani isingekuwepo.

Basi mtaa ukaanza. Tukienda sokoni, wanawake wanaguna. Muuza nazi mmoja akamwambia mama mdogo waziwazi, "Wewe mama, mwogope Mungu, mtoto wa mwenzio yule." Mama mdogo akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Jirani yetu mmoja akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Kwani chakula anakupa? Sema tu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nami, niliyekuwa nikimcheka mzimu wa kandambili, nikaanza kumchunguza mama mdogo. Akiniwekea chakula, natazama mkono wake. Akitabasamu, nauona ule mlango unafungwa. Nikijiambia ni maigizo, moyo unaniuliza: mtu mpole ubaya kama ule kautoa wapi? Sikuwa namchukia. Nilikuwa nimepotea tu, kama mtu anayetafuta chumba chake ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Habari zikafika Tabata kwa shangazi, dada yake baba. Akaja alasiri moja na kanga zake mbili na uso wa kesi. Tukakaa ukumbini: baba, bibi, shangazi, mie, na mama mdogo karibu na mlango. Shangazi hakuzunguka.

"Nimekuja kumchukua mtoto wa kaka yangu. Mji mzima unasema. We Zainabu, niambie mie shangazi yako. Huyu anakutesa?"

Baba akatazama chini. Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama mama mdogo, naye akatabasamu, tabasamu lilelile, na lile neno likayeyuka.

"Sijui," nikasema.

Mama mdogo akainuka, akaingia chumbani. Hakupiga mlango. Tukasikia tu sanduku linafunguliwa.

Hapo bibi, aliyekuwa haoni vizuri na hiyo sinema hakuiona kabisa, akanigeuzia uso.

"Hujui nini?" akauliza. "Ulipougua malaria, nani alikesha nawe?"

"Mama mdogo."

"Nywele hizo kasuka nani?"

"Mama mdogo."

"Ulipokataa shule ukajificha kwa watu, nani alizunguka mtaa mzima anakuita jina huku analia?"

Nikajifunika uso kwa kanga.

"Sasa hujui nini, Zainabu? Huyu umekaa naye nyumba moja. Hiyo sinema umekaa nayo mchana mmoja. Unamwuliza mgeni habari za mwenyeji?"

Shangazi akanywa kahawa yake, akajifunga kanga. "Haya, yangu macho," akasema, akaondoka peke yake.

Nikaingia chumbani. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, nguo zake kazitoa sandukuni, zimekunjwa tayari kufungwa kwenye kanga aondoke. Badala ya kuomba radhi, nikauliza lililokuwa likinichoma.

"Mama mdogo, ile sura uliitoa wapi?"

Akanisogezea nafasi kitandani. "Yule aliyekuwa akituongoza alisema, mfikirie mtu unayemchukia. Sikumpata. Nikaikumbuka siku niliyoingia nyumba hii, nikakupikia, ukakataa kula. Nilitabasamu ili nisilie mbele yako. Nikafanya vilevile. Wao wakasema, hapohapo, safi." Akajifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Na kila asubuhi nikikuletea chai, bado naogopa utaikataa."

Mwanangu, tabasamu moja. Kibandani wameliona ni ubaya, mie nimeliona ni ubaya, kumbe ni woga wa mtu anayetaka kupendwa. Nikazirudisha nguo zake sandukuni, moja moja, na hakunizuia. Siku iliyofuata nilimshika mkono tukaenda naye sokoni, tukapita kwa yule muuza nazi, nami nikamwita "mama" kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachuuzi wa samaki. Lile "mdogo" sikulirudia tena. Aliigiza nyingine baadaye, zote za watu wabaya, maana hawakumpa nyingine. Mpaka alipozeeka, mikononi mwangu, watoto wa mtaani walikuwa bado wakimkimbia.

Ukiniuliza leo sinema bora ya mwaka ule, nitakwambia ni ile. Ukiniuliza kama ilikuwa heri itengenezwe, sijui. Nimefika umri huu sijapata jibu. Kitu kizuri namna ile kikaumiza mtu mwema namna ile, nakigeuza huku na huku, hakikai.

Ila hili nalijua, ndilo nakuachia. Bishaneni sinema mpaka makoo yakauke, ni haki yenu. Lakini sura ya mtu usiihukumu kwa kazi aliyopewa kuifanya. Na ukichanganyikiwa juu ya mtu, usiende kuuliza mtaa. Mwendee mwenyewe, umwulize, hata kama swali linauma. Uso mmoja hubeba mengi, na macho yetu ni mavivu.

Nenda sasa, wenzio wanakungoja. Mwenyezi Mungu akujaalie watu wa kukupenda hata wasipojua namna ya kulionyesha pendo lao, na akupe wewe moyo wa kulitambua wangali hai.